Mafunzo ya kujenga uwezo Lubumbashi: maswali tunayoulizwa kila mara

Sisi ni wakufunzi. Wanaotuuliza ni watu wa asbl (vyama visivyotafuta faida) za mjini, vikundi vya akina mama wa komini za Katuba na Kenya hapa Lubumbashi, komite za vijiji vilivyo jirani na migodi, vyama vya wakulima wa njia ya Kipushi na Kasenga. Maswali yao yanafanana kuliko wanavyodhani. Pale ambapo jibu liko tayari kwenye swali lingine, tumekutuma huko badala ya kurudia.

## Kabla ya kuomba mafunzo

Mafunzo haya yanakifanyia nini kikundi kama chetu?

Yanakiwezesha kufanya chenyewe kazi ambayo leo hakiiwezi, au inayofanywa na mtu mmoja tu, akisafiri kila kitu kinasimama. Mweka kesi, yaani mtunza pesa ya kikundi, anafunga hesabu ya mwezi bila kumbembeleza mhasibu wa parokia. Katibu anaandika muhtasari ambao hata asiyehudhuria mkutano ataelewa kilichoamuliwa na nani kakabidhiwa nini. Komite ya maji inajua kubadilisha mpira wa pampu, na inajua pia pesa ya mpira unaofuata itatoka wapi. Hilo la pili ndilo linalosahaulika.

Tutajuaje kama tunahitaji mafunzo au kitu kingine?

Swali hili mngelianza nalo wote, tungepumzika. Jiulizeni: mhusika akiahidiwa zawadi nono leo hii, ataweza kuifanya hiyo kazi? Akiweza, basi hakosi ujuzi. Anakosa muda, chombo, ruhusa, au sababu ya kujisumbua, na hakuna mkufunzi anayebeba vitu hivyo kwenye mkoba.

Mfano wa kila siku: asbl inaomba mafunzo ya kuandika ripoti kwa sababu ripoti zake zinamfikia mfadhili zikiwa zimechelewa. Ukifuatilia karatasi yenyewe, unakuta animatere (mhamasishaji) wa Ruashi aliiandika vizuri na kwa wakati. Imelala wiki tatu mezani kwa mratibu, ambaye peke yake ndiye anayetia saini, na mratibu yuko Kinshasa. Dawa hapo ni barua ya nusu ukurasa inayompa mtu wa pili ruhusa ya kusaini. Mfano mwingine: pesa ya kesi inapungua kila mwezi, na anayeshika pesa ndiye anayenunua, ndiye pia anayeidhinisha manunuzi. Mkimfundisha uhasibu mtu huyo, mnamwongezea ustadi tu. Kazi hizo tatu zigawanywe kwa watu watatu kwanza.

Mafunzo yasiyohitajika hayaishii kupoteza pesa. Yanawapa watu hisia kwamba tatizo limeshughulikiwa, na mwaka mzima unapita kabla mtu hajathubutu kulitaja tena.

Tukiitwa, tunaomba kuona vitu vitatu: daftari la kesi la mwezi uliopita, muhtasari wa mkutano wa mwisho, na orodha ya mali ya kikundi. Nusu saa na vitu hivyo inatuambia mengi kuliko fomu ya kurasa kumi ambayo kila mtu ataijaza kwa kutaka kupendeza.

Tumtume nani?

Atakayeifanya hiyo kazi Jumatatu asubuhi. Tunalisema wazi kwa sababu tumewaona marais wa komite wakijituma wenyewe kwenye mafunzo ya kutunza stoki, na wapwa wa mratibu kwenye mafunzo ya utetezi. Kwa mambo ya pesa, tumeni wawili: anayeandika daftari na anayetia saini. Akija mmoja, atarudi na utaratibu mpya ambao mwenzake ataupinga kwa kutouelewa.

Asiyejua kusoma na kuandika anaweza kuhudhuria?

Anaweza, na mara nyingi hesabu ya kichwani anatushinda. Tunatumia punje za mahindi, maharagwe, vifuniko vya chupa na michoro. Kinachotakiwa ni kutuambia mapema, maana mkufunzi aliyeandaa karatasi peke yake hawezi kubadilika hapo hapo. Jinsi vikundi vinavyotunza hesabu kwa kumbukumbu imeelezwa kwenye maswali ya AVEC (vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana) hapa chini.

## Lugha, majira na mahali

Mafunzo yanatolewa kwa lugha gani?

Kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, kile cha soko la Kenya. Kwenye vijiji vya njia ya Kasenga na Sakania tunakuwa na mtu wa Kibemba, kwa sababu wazee wa huko wanafuata Kiswahili lakini ubishi wa kweli wanaufanya kwa Kibemba, na mafunzo yasiyo na ubishi yana kasoro.

Ila makaratasi ni ya Kifaransa: sheria, benki, fomu za wafadhili. Kwa hiyo mdomo unasema Kiswahili na mkono unajaza Kifaransa. Kila kichwa cha safu tunakieleza karatasi halisi ikiwa mkononi, mpaka mama asiyesema Kifaransa aweze kuonyesha kwa kidole pesa iliyoingia inaandikwa wapi na iliyotoka wapi.

Siku ngapi zinatosha?

Asubuhi mbili au tatu, zikitenganishwa kwa wiki kadhaa, na kazi ya kufanya katikati. Wiki nzima mfululizo hotelini ni rahisi kwa anayepanga bajeti na ni hasara kwa anayejifunza: siku ya nne watu wanaandika tu, hawasikii.

Miezi gani inafaa?

Mjini wakati wowote, mkikwepa mwanzo wa mwaka wa shule. Kwa wakulima ni jambo lingine. Mvua za Katanga zinaanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili; kipindi hicho jembe haliachiki na barabara za vijijini hazipitiki. Aprili na Mei ni mavuno. Juni hadi Septemba ndio wakati mzuri, ingawa asubuhi za Juni na Julai ni baridi na hakuna atakayefika saa mbili.

Umeme ukikatika?

Tunapanga tukijua utakatika. SNEL, shirika la umeme, hamjaijua leo. Karatasi kubwa ukutani, kalamu nene, na dirisha. Hatujutii kukosa projekta. Cha muhimu zaidi ni choo kinachofungwa, maji ya kunywa, na kivuli ambapo mama mwenye mtoto mchanga anaweza kutoka kidogo bila kupoteza maneno yanayosemwa.

## Pesa

Na transpo iko?

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, mara nyingine hata kabla ya jina la mafunzo. Halituudhi. Ila tutenganishe vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya.

Transpo ni kumrudishia mtu nauli aliyotumia. Anayetoka komini ya Annexe, pembeni mwa mji, na anayekaa avenyu ya pili hawana nauli moja, kwa hiyo kiasi sawa kwa wote si transpo, ni zawadi. Chakula ni chakula: bukari na sombe pale pale pahali pa mafunzo, siyo bahasha ya "chakula" ambayo mtu anaipeleka nyumbani huku akishinda na njaa. Perdiem ni malipo ya kuwa umekaa hapo.

Msimamo wetu ni huu. Mfanyakazi mwenye mshahara anayefundishwa kazi yake mwenyewe hana sababu ya kulipwa perdiem. Mama anayeuza nyanya ni habari nyingine. Akikaa darasani siku nzima, nyanya zinaoza na mtaji wa kesho haupo. Hasara yake ni ya kweli na ina kiasi kinachojulikana. Hapo tunashauri mafunzo yaishe saa nne na nusu awahi soko, na ikishindikana afidiwe. Kumwita huyo mama mpenda pesa ni kukosa adabu.

Kiasi kitangazwe kwenye barua ya mwaliko, kilipwe mwisho wa kila siku, na kila mtu asaini kwenye jina lake. Tabia ya kulipa yote siku ya mwisho ili watu wasikimbie inaonyesha kwamba hata mwandalizi haamini mafunzo yake. Na mkiona sura zile zile kwenye kila mafunzo ya kilimo, ya jinsia, ya maji, ya uchaguzi, mjue mtaani pana watu ambao kuhudhuria kwao kumekuwa ajira. Dawa iko kwenye "Tumtume nani?".

Ni gharama zipi husahaulika kwenye bajeti?

Ziara za ufuatiliaji, kwanza kabisa. Halafu fotokopi, mtu wa kulea watoto, na gharama za kutoa pesa kwenye M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, ambazo zikikutana na washiriki wengi zinauma. Tena bajeti imeandikwa kwa dola na soko linauza kwa franka. Andikeni kiwango cha siku hiyo juu ya kila karatasi ya matumizi, vinginevyo miezi sita baadaye hakuna atakayeweza kueleza tofauti.

Muuza sokoni hatoi risiti. Tufanyeje?

Tengenezeni hati yenu ya manunuzi: tarehe, kitu, kiasi, bei, jina la muuzaji na soko, saini au dole gumba lake, saini ya mnunuzi na ya shahidi mmoja. Wekeni kikomo ambacho juu yake lazima mnunue dukani penye risiti. Mfadhili aikubali hati hiyo kwa maandishi kabla hamjaanza kuitumia. Wengi wanakubali, wanachokataa ni kuambiwa baadaye.

Na tafadhali, msinunue kitabu cha risiti tupu na kukijaza wenyewe ofisini. Mkaguzi anaujua mwandiko mmoja wenye majina ya wauzaji ishirini.

## Asbl na makaratasi yake

Lazima tuwe na personnalité juridique (kutambuliwa kisheria kama chama) ndipo tufundishwe?

Kwa kufundishwa, hapana. Kwa kupokea pesa ya mfadhili kwa jina la kikundi, karibu kila mara ndiyo. Sheria inayohusika ni Na. 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Personnalité juridique inatolewa na waziri wa Sheria, baada ya maoni mazuri ya wizara inayosimamia shughuli zenu: Afya kama ni afya, Kilimo kama ni kilimo. Wakati mnasubiri, gavana wa jimbo anaweza kutoa ruhusa ya muda ya kufanya kazi.

Katika mafunzo tunakaa zaidi kwenye statuts, yaani katiba ya chama, kuliko kwenye safari za ofisini. Statuts nyingi zimenakiliwa kutoka asbl nyingine, na mkutano mkuu unakuta kwamba unatakiwa kuitwa na chombo ambacho hakijawahi kuundwa. Zisomeni kwa sauti, kifungu kwa kifungu, wanachama wakiwepo. Kazi hiyo haihitaji mkufunzi.

Mafunzo ya hesabu yanafundisha nini hasa?

Tangu tarehe 1 Januari 2024, asbl za nchi za OHADA (umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara), na Kongo ikiwemo, zina utaratibu wao wa uhasibu, SYCEBNL, uliopitishwa Niamey mwezi wa Desemba 2022. Kabla ya hapo kila asbl ilifuata desturi ya mfadhili wake. Vikundi vidogo vina njia nyepesi inayoegemea pesa iliyoingia na iliyotoka. Asbl kubwa lazima iwe na mhasibu aliyeusomea, na asubuhi zetu tatu hazitamzalisha.

Sisi tunafundisha kilicho chini ya yote hayo. Kila meza inapata bahasha yenye karatasi za mwezi mmoja wa kikundi cha kubuni. Kuna risiti ya mafuta ya jenereta isiyo na tarehe. Kuna nauli ya Likasi iliyoandikwa mara mbili, moja kwa dola, nyingine kwa franka. Kuna "matumizi mbalimbali" yenye kiasi kikubwa kuliko vyote, imesainiwa na rais. Kuna pia sanduku lenye noti za kuchezea. Kazi: jazeni daftari la kesi, hesabuni sanduku, mseme kama vinalingana. Havilingani. Ubishi unaoanza hapo ndio somo. Meza moja itataka kuongeza karatasi ili hesabu ikubali, nyingine itataka kumtetea rais, na kwa kawaida mtu mkimya kuliko wote ndiye anayesema: andikeni pengo kama lilivyo, msaini, mlipeleke kwenye komite. Tunamwachia nafasi aseme hilo yeye, hata kama tunasubiri muda mrefu.

## Vijiji na mitaa iliyo kando ya migodi

Kampuni inachimba jirani nasi. Tufundishwe nini kwanza?

Kutofautisha mifuko mitatu. Code minier, yaani sheria ya madini ya 2002, iliporekebishwa na sheria Na. 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, njia za pesa ziliongezeka, na watu wanadai mfuko mmoja kwenye mlango wa mwingine.

Wa kwanza ni redevance minière, ada ambayo kampuni inailipa kwa madini inayoyatoa. Inagawanywa hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 kwa mji, komini, sekta au sheferi ambako mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa shaba kiwango ni asilimia 3.5 ya thamani. Kobalti, iliyotangazwa madini ya kimkakati mwaka 2018, ni 10. Fanyeni hesabu: shaba ya dola milioni 100 inazaa redevance ya milioni 3.5, na sehemu ya 15 kwa mia ni dola 525,000. Pesa hiyo ni ya umma. Anayewajibika ni bourgmestre (mkuu wa komini) au shefu wa sekta, na mahali pa kuiuliza ni kwenye bajeti yake, siyo getini kwa kampuni.

Wa pili ni dotation: walau asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni kwa mwaka, kwa miradi ya maendeleo ya jamii. Mauzo ya milioni 100 yanatoa dola 300,000. Inasimamiwa na chombo maalumu ambamo wawakilishi wa kampuni na wa jamii wanakaa pamoja.

Wa tatu ni cahier des charges, mkataba wa miaka 5 kati ya kampuni na jamii: shule hii, kisima hiki, kwa tarehe hii. Huu mnaudai kwa kampuni moja kwa moja, karatasi mkononi.

Asubuhi nzima inaisha kwa hilo tu, na haipotei bure. Mzee mmoja wa komite akishajua mfuko wa kwanza uko kwa nani, mkutano unaofuata unabadilisha sura.

Sisi ni kijiji, siyo komini. Ile asilimia 15 inatufikia vipi?

Haifiki kwenu moja kwa moja. Sheria inaitambua sheferi au sekta, siyo kijiji wala groupement (kundi la vijiji). Mnaifikia kwa kupeleka mahitaji yenu kwenye mpango wa maendeleo wa sekta kabla bajeti haijapitishwa. Mafunzo yenye maana kwenu ni ya kusoma bajeti na kuandika ombi la ukurasa mmoja. Takwimu za malipo ya kampuni zinapatikana kwenye ripoti za ITIE-RDC, mpango wa uwazi wa pesa za madini. Tunazitumia darasani kwa sababu zina namba halisi za majirani zenu.

Kampuni yenyewe imejitolea kutufundisha. Tukubali?

Usalama, afya, ufundi wa kuchomelea, kilimo: kubalini. Majadiliano ya cahier des charges: tafuteni mkufunzi mwingine. Atakayekaa upande wa pili wa meza hafai kuwa ndiye aliyewafundisha namna ya kukaa.

## AVEC na vikundi vya kuweka akiba

AVEC ina tofauti gani na likelemba?

Kwenye likelemba kila mtu anatoa kiasi sawa na mmoja anachukua chote kwa zamu. Hakuna mkopo, hakuna faida, na haihitaji mafunzo. Mama zetu waliijua kabla hatujazaliwa. AVEC ilianzia Niger mwaka 1991, na shirika la CARE, kisha ikaenea Afrika nzima. Wanachama ni kati ya 15 na 25 hivi, wananunua hisa moja hadi tano kila kikao, wanakopeshana kwa riba waliyoipanga wenyewe, na baada ya mwaka mmoja hivi wanavunja sanduku na kugawana kwa kufuata hisa.

Mafunzo yake yanatolewa wapi?

Kwenye vikao vya kikundi chenyewe, siyo ukumbini. Mkufunzi anakaa pembeni, anaongea sana vikao vya mwanzo, kidogo vya katikati, na mwishoni anakuja kusalimia tu. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti na yule anayelala na sanduku. Kikao kikifungwa, salio linatamkwa kwa sauti na wote wanalirudia. Kikao kijacho wanaulizwa kabla kufuli hazijafunguliwa. Hapo ndipo asiyejua kusoma anapokuwa mkaguzi sawa na mwalimu wa shule.

Kinachoviangusha vikundi tunavyoviona ni mkopo mkubwa kwa mtu wa heshima: mke wa mchungaji, dada wa shefu wa mtaa. Wekeni kikomo kwenye kanuni siku ya kwanza, kabla hajulikani atakayeguswa.

## Baada ya mafunzo

Cheti chenu kinatambuliwa?

Ni cheti cha kuhudhuria, kinasema ulikuwepo. Anayetaka ujuzi wa kazi unaotambuliwa na serikali, kama umeme, useremala au ufundi wa magari, aende INPP, taasisi ya umma iliyoundwa mwaka 1964 na yenye kituo hapa Lubumbashi.

Tutapimaje kama mafunzo yamefaa?

Mmarekani Donald Kirkpatrick alipendekeza mwaka 1959 ngazi nne ambazo bado zinatumika: watu wamependa, wamejifunza, wanafanya tofauti, na kazi imebadilika. Mashirika mengi yanaishia kwenye ya kwanza, ile fomu ya siku ya mwisho ambapo kila mtu anaandika "mazuri sana" akiwa na mguu mmoja mlangoni.

Rukeni hadi ya tatu. Baada ya miezi mitatu fungueni tena vile vitu vitatu tulivyovitaja kwenye "Tutajuaje kama tunahitaji mafunzo". Daftari limejazwa mpaka jana? Muhtasari unataja majina na tarehe? Basi. Kwa ngazi ya nne muwe na unyenyekevu: mavuno yakiongezeka, mvua nayo ilikuwepo.

Mliyemfundisha ameajiriwa na kampuni ya madini. Tuanze upya?

Ni ugonjwa wa mji huu, na hamwezi kumlaumu. Fundisheni wawili kwa kila kazi, na kila utaratibu uandikwe kwenye ukurasa mmoja ubandikwe ukutani. Pia mwombeni kabla hajaondoka akae na mrithi wake kufunga hesabu ya mwezi mmoja. Wengi wanakubali, wakiombwa kwa heshima.

Kumfundisha mmoja ili awafundishe wengine kunafaa?

Kwa ujumbe mfupi, kama kunawa mikono, ndiyo. Kwa hesabu au upatanishi, kila ngazi inapoteza kitu, na wa mwisho wanabaki na picha ya pamoja na fulana.

## Mambo yenye utata

Shefu wa mtaa ameongeza watu wake kwenye orodha.

Mwendeeni kabla ya mwaliko, siyo baada, mkiwa na vigezo vilivyoandikwa: umri, kazi, mtaa. Mwombeni afungue mafunzo na kupendekeza majina yanayolingana na vigezo hivyo. Majina yakishaongezwa, msiyafute hadharani. Wapokeeni siku ya kwanza kama wageni bila transpo. Siku ya pili orodha itajirekebisha.

Wanawake wanakaa kimya mkutanini.

Kimya mbele ya nani? Wagawanyeni vikundi vidogo, wanawake peke yao, kisha mmoja wao alete maneno ya wote. Angalieni pia nani amepewa viti vya mbele na nani anapika huko nje wakati wa somo. Chakula kipikwe na mtu anayelipwa, asiyekuwa mshiriki.

Mwanzilishi wa asbl yetu hataki kubadilisha chochote.

Anajua kwamba siku zote yeye ndiye aliyelipa kodi ya ofisi kwa mfuko wake pale mfadhili alipochelewa, na sasa vijana wanamletea maneno ya utawala bora. Anzeni hapo: andikeni deni ambalo kikundi kinadaiwa naye, hata kama hamwezi kulilipa mwaka huu. Halafu mwombeni aachie jambo moja tu, kwa mfano saini ya pili ya benki. Mafunzo ya "uongozi" yaliyoandaliwa kwa siri ya kumlenga yeye atayatambua dakika ya kwanza.

Tunaweza kufundishwa kwa WhatsApp?

Kwa kukumbushana, ndiyo: picha ya ukurasa wa daftari kila Ijumaa, mkufunzi anarudisha maoni. Sauti fupi ni bora kuliko maandishi marefu. Kwa somo jipya, hapana. Megabaiti zinaisha na anayeshika simu ya familia si lazima awe mshiriki. Na picha za daftari zenye majina ya wakopaji zisipelekwe kwenye grupu la wote.

Kuna kilio mtaani siku ya mafunzo.

Ahirisheni. Hakuna atakayekuja, na atakayekuja ataonwa vibaya. Wekeni kwenye makubaliano na mwenye ukumbi kwamba tarehe inaweza kusogezwa mara moja bila kulipa upya, na wapishi wapigiwe simu jioni ile ile kabla hawajanunua unga.

Mkufunzi hakutufaa. Tuseme?

Semeni, tena siku ya kwanza jioni, siyo kwenye ripoti ya mwisho. Mwambieni jambo moja linalogusika: anasoma karatasi, anatumia Kifaransa mno, mifano yake ni ya Kinshasa. Asipobadilika kesho yake, mna haki ya kusimamisha na kulipa siku iliyofanyika tu, kama mkataba unavyosema. Kwa hiyo kuwe na mkataba, wenye bei ya kila siku peke yake.